Waraka kwa Wanachama: Kila Kazi Iwe na Watu Wawili

Ndugu wanachama,

 

Nawaandikia kwa sababu simu zimezidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho yake ya kawaida ya bure, na mamilioni ya kompyuta nzima zikabaki njia panda, kwa kuwa Windows 11 inadai vifaa ambavyo hazina. Miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 9 Agosti, Debian 13, toleo jipya la mfumo huria wa kompyuta tunaoutumikia, ilikuwa imetoka, ikiwa na vifurushi 69,830 vya programu vilivyo tayari kusakinishwa. Habari hizo mbili zimekutana mezani kwa wahariri. Katika wiki chache nimepigiwa na redio mbili na gazeti moja, na wote wameniuliza yale yale: kweli ni bure? Nani anawalipa? Mashine kuukuu za shule yetu zitaweza? Miaka yote niliyokaa katika kazi hii sijawahi kusikia hodi nyingi namna hii mlangoni kwetu.

Nimefurahi, na ninyi furahini. Ila nina ombi, nami nalitanguliza ili hata atakayeishia nusu ya waraka awe amelipata: kabla hatujaitikia hodi nyingine, kila kazi tuliyoishika iwe na watu wawili. Kila faili la tafsiri, kila kifurushi, kila meza ya kupokea wageni, na kila mahojiano pia. Atakayeniambia kwamba watu hatutoshi, nitamjibu kwamba basi kazi zipungue mpaka watoshe.

Nimelifikia neno hili kwa kuyatazama mambo mawili yaliyoigusa Debian, ambayo naona kila mmoja wetu anapaswa kuyajua kama anavyojua nywila yake.

Ipo programu inaitwa Valgrind. Kazi yake ni kuzikagua programu nyingine zinavyotumia kumbukumbu ya mashine, na ikiona kitu kinasomwa kabla hakijaandikwa, hulalamika. Mwaka 2006 ililalamika juu ya OpenSSL, maktaba ya programu inayotengeneza funguo za siri ambazo seva na watu hutambuana kwazo. Mtunzaji wa kifurushi hicho katika Debian alitaka malalamiko yaishe. Aliwauliza watengenezaji wa OpenSSL kama anaweza kuondoa mistari miwili ya msimbo, na jibu alilopata halikumkataza. Akaiondoa. Malalamiko yakanyamaza, kila kitu kikaendelea kufanya kazi, na hakuna aliyeona tofauti.

Kumbe mstari mmojawapo ndio uliokuwa ukimimina bahati nasibu ndani ya funguo. Ufunguo wa siri hupata nguvu kwa kuchaguliwa kati ya namba nyingi zisizohesabika. Baada ya ule mstari kuondoka, kilichobaki cha kubahatisha kilikuwa namba ya utambulisho ambayo mashine huipa kila programu inapoanza, nayo ilikuwa na upeo wa 32,768. Mwizi mwenye subira angeweza kuzitengeneza funguo zote za aina moja, akazijaribu moja baada ya nyingine mpaka mlango ufunguke. Hali hiyo ilidumu karibu miaka miwili, ikaenea hadi Ubuntu na mifumo mingine iliyotokana na Debian, mpaka Luciano Bello, msanidi wa Debian, alipoigundua. Debian ilitangaza tarehe 13 Mei 2008. Ilisema kila kitu waziwazi, kama Mkataba wake wa Kijamii wa mwaka 1997 unavyoahidi kwamba hitilafu hazitafichwa, na dunia nzima watu wakakesha wakitupa funguo za zamani na kutengeneza mpya.

Sasa njooni mwaka 2024. Andres Freund, mmoja wa wasanidi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kazi yake kwenye mashine yenye Debian ile ya majaribio iitwayo sid. Akaona kuingia kwenye mashine kwa mbali, kwa njia ya SSH, kunachelewa, na kuchelewa kwenyewe kulikuwa nusu sekunde tu. Mwingine angekunywa chai yake akaendelea. Yeye alikumbuka kwamba wiki kadhaa nyuma Valgrind ilikuwa imelalamika katika majaribio yake, akaifuata ile nusu sekunde hatua kwa hatua hadi ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux. Matoleo mawili ya xz, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri ambao mwenye ufunguo wake angeweza kuutumia kuamrisha mashine ya mtu mwingine kwa mbali. Freund alitangaza tarehe 29 Machi 2024. Toleo imara la Debian lilikuwa halijaguswa. Zilizopokea sumu ni zile za majaribio.

Mtu aliyeupandikiza mlango huo alijiita Jia Tan. Alikuja miaka zaidi ya miwili kabla, akaleta marekebisho mazuri, akawa mpole, akasaidia. Mtunzaji wa xz, Lasse Collin, alikuwa ameibeba kazi hiyo peke yake kwa miaka mingi. Mwaka 2022 alisema hadharani kwamba hali yake ya kiafya imempunguzia nguvu, na kwamba kazi hiyo anaifanya kwa kujitolea, haina malipo. Majina yasiyofahamika yalijitokeza kumlaumu kwa ucheleweshaji na kumshinikiza amkabidhi mtu mwingine. Na mtu mwingine alikuwepo, amekaa tayari.

Nimeirudia habari hii mara nyingi kichwani. Lalamiko la Valgrind la mwaka 2006 lilinyamazishwa, la mwaka 2024 likafuatwa, nasi tunapenda kusema kwamba huyu alikuwa makini na yule hakuwa. Mimi sioni hivyo. Yule wa mwaka 2006 aliuliza kabla ya kugusa, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi. Alichokosa ni mtu wa kukaa naye bega kwa bega, akaweka kidole kwenye ule mstari na kusema, ngoja kwanza, huu unafanya nini? Na Collin alikosa hicho hicho kwa miaka, mpaka akaja aliyejifanya kuwa ndiye. Kidole kimoja hakivunji chawa, tunasema kila siku, halafu tunamwachia mtu mmoja kifurushi kinachotegemewa na nusu ya dunia.

Magazeti yaliandika sana juu ya xz mwezi ule wa Aprili. Yalifanya vizuri. Lakini Collin alipokuwa akisema amechoka, xz haikuwa habari. Mwandishi hawezi kuandika juu ya uchovu wa mtu asiyemjua. Tunaomjua ni sisi, na ndiyo maana ombi langu naliwaelekeza ninyi.

Sasa niwaambie la nyumbani, maana nisije nikaonekana naona kibanzi cha mbali.

Katika mkutano wetu mmoja wa Jumamosi alikuja mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mama wa makamo. Alikuwa amesikia redioni kwamba kompyuta ya zamani inaweza kupata uhai mpya. Alikuja na kompyuta mpakato yake ameifunga kwenye khanga, na chaja ameifunga kwenye ncha ya khanga hiyo hiyo. Mmoja wetu akampa fleshi, wakaanza kusakinisha, wakafika mahali pa mtandao: Wi-Fi haionekani. Mwalimu akauliza afanyeje. Kijana akamuuliza, kadi yake ya mtandao ni ya kampuni gani? Mwalimu akasema, sijui, mwanangu. Basi, akaambiwa, inabidi ukasome kwanza, mwongozo upo.

Akaifungua khanga, akaitandika upya mezani, akaweka kompyuta katikati, akaanza kufunga. Polepole, pembe kwa pembe. Dada mmoja, mwanachama wetu, aliyaona yote hayo kutoka upande wa pili wa chumba. Alimkuta kwenye ngazi, akamrudisha, akaichomoa ile fleshi na kuitazama. Ilikuwa na Debian 11. Mnaokumbuka mnajua: hadi toleo la 11, kisakinishi rasmi hakikubeba programu zile za kampuni ambazo kadi nyingi za Wi-Fi haziwezi kuamka bila hizo. Mwaka 2022 wasanidi wa Debian walipiga kura, na kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023 zimo ndani ya kisakinishi. Akaandika toleo la 13 kwenye fleshi, wakaanza upya, na mtandao ukaonekana wenyewe bila mtu kuulizwa kadi yake ni ya nani.

Kwa nini mezani palikuwa na fleshi ya toleo la zamani? Kwa sababu anayezitunza ni mmoja, naye alikuwa amesafiri kwenda Songea kwenye msiba. Simlaumu hata kidogo; mtu ana haki ya kuzika ndugu zake bila kuwaza fleshi. Ni sisi wengine tuliomwachia mzigo akawa hana wa kumpokea.

Hadithi haijaisha. Mwalimu alipoona kompyuta yake imewaka kwa Kiswahili, alitabasamu, akaanza kusoma kila neno kama anavyosoma madaftari ya wanafunzi. Akafika kwenye programu ndogo ya kusimamia diski, akasimama. “Mbona hapa pameandikwa Mlima?”

Mstari ule niliutafsiri mimi. Saa sita usiku, peke yangu. Faili la tafsiri lilinipa neno moja la Kiingereza, “Mount”, bila maelezo wala mfano, nami nikaandika neno la kwanza lililonijia, nikahifadhi, nikaenda kulala. Katika kompyuta neno hilo maana yake ni kuipachika diski kwenye mfumo ili mafaili yake yasomeke. Lilipaswa kuwa “Pachika”. Kwa miaka mitatu kila aliyechomeka fleshi mbele ya tafsiri yangu aliambiwa habari za mlima, na kwa miaka mitatu hakuna aliyesema, kwa kuwa hakukuwa na wa pili aliyepewa kazi ya kulisoma. Mwalimu aliliona kwa dakika moja, na hajui hata kidogo jinsi diski inavyopachikwa. Nawasihi mlishike hili: msomaji wa pili si lazima awe fundi. Anayejua Kiswahili vizuri na asiyeona haya kuuliza anatosha.

Wazee wetu katika kazi hii walilijua hilo mapema. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Walitengeneza faharasa ya istilahi, watu wa lugha na watu wa kompyuta pamoja, na mpaka leo maneno mengi tunayoyatumia bila kufikiri yanapita katika njia waliyoifyeka. Lakini programu haikai mahali pamoja. Mwaka 2010 jumuiya ya OpenOffice iligawanyika, ikazaliwa LibreOffice, ambayo ndiyo iliyomo katika Debian leo. Kila toleo huja na sentensi mpya, na za zamani hubadilishwa kidogo hadi tafsiri yake inabandikwa alama ya kutiliwa shaka. Tafsiri ni paa la makuti. Aliyeliezeka alifanya kazi njema, lakini mvua hainyeshi mwaka mmoja, na anayebaki peke yake chini ya paa hilo atachoka kupanda ngazi.

Hapa nizungumze na Wakenya na Watanzania kwa pamoja. Tumepoteza miezi tukigombania kompyuta na tarakilishi, nywila na nenosiri. Mabishano yalikuwa matamu, siwezi kukana, lakini wakati huo mafaili yalilala. Maoni yangu ni haya: kwenye skrini tuandike kompyuta, kwa kuwa linaeleweka Kisumu kama linavyoeleweka Kigoma, na tarakilishi liingie katika faharasa kama kisawe. Kwenye kuomba neno la siri tuandike nenosiri, hata kama mimi mwenyewe hapo juu nimeandika nywila kwa mazoea, kwa sababu nenosiri hata asiyewahi kulisikia atalielewa akilisoma. Wasiokubaliana nami wanijibu, lakini wanijibu wakiwa wawili, mmoja wa Kenya na mmoja wa Tanzania, wakiwa wameshakubaliana wao kwanza. Na ndugu zetu wa Kongo waingizwe katika jozi hizi tangu mwanzo. Wamezoea kuletewa faharasa iliyokwishapikwa.

Juu ya waandishi. Wakija, wapokeeni, na waende wawili kuwapokea, ili mmoja akisahau au akikolea mwingine amshike. Semeni yasiyofanya kazi pamoja na yanayofanya. Msiseme Debian haiingiliwi kamwe. Mmeshasoma hapo juu. Msibeze Ubuntu wala Fedora wala Mint. Ubuntu ilitoka mwaka 2004 ikiwa imejengwa juu ya Debian, na kijana anayeanzia huko ni wetu sawasawa na anayeanzia hapa.

Wakiuliza nani anawalipa, waambieni kwamba Debian si kampuni. Ilitangazwa tarehe 16 Agosti 1993 na Ian Murdock, akiwa mwanafunzi huko Marekani, na jina lake aliliunga kutokana na jina la mpenzi wake Debra na lake mwenyewe. Leo ina wasanidi karibu elfu moja wanaojitolea, na kiongozi wanayemchagua kila mwaka kwa kura. Wengine hulipwa na waajiri wao kwa sehemu ya kazi hii, wengi hawalipwi kitu.

Wakiuliza kama ni bure, hapo tumependelewa. Wanaoandika kwa Kiingereza wana neno moja linalobeba maana mbili, ikawalazimu kueleza na kueleza tena. Sisi tunayo mawili: bure na huria. Elezeni la pili. Programu ni huria kwa sababu yeyote anaweza kuitumia, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kumgawia jirani. Na kama mwandishi ana nafasi ya aya moja zaidi, mwambieni kwamba vigezo vya programu huria vilivyoandikwa na Debian mwaka 1997 ndivyo vilivyochukuliwa mwaka uliofuata kuwa msingi wa maana rasmi ya “open source” ambayo dunia nzima inaitumia hadi leo. Hilo huwa halitajwi, nami hulionea fahari.

Lakini anayewapigia simu leo, wasikilizaji wake watakuja Jumamosi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nasi tumekuwa ama tunamnyima kiti siku ya kwanza, ama tunamkalisha mwaka mzima bila jembe. Jembe la kwanza liwe jepesi. Asakinishe hunspell-sw, kamusi ya tahajia ya Kiswahili iliyomo tayari katika Debian, aandike barua ya ukurasa mmoja, na alete orodha ya maneno sahihi ambayo kamusi imeyapigia mstari mwekundu. Huo ni mchango wa kweli, hauhitaji kujua kuprogramu, na mwenyeji wake atakaa naye kuonyesha jinsi taarifa ya hitilafu inavyoandikwa: ulifanya nini, ulitarajia nini, ukaona nini, toleo gani. Safari ya pili ataandika mwenyewe.

Na kwa mwanachama aliyechoka: sema. Usingoje mpaka kazi ikuchukie. Ukiniambia leo kwamba huwezi tena, sitakuuliza sababu, nitakuuliza tu mwenzako ni nani; na kama huna, hilo ni kosa letu la kurekebisha wiki hiyo hiyo. Anayekuja kupokea tumjue uso, tumwone akifanya kazi mezani kwetu, na asikabidhiwe funguo za kifurushi na mtu mmoja kwa sababu tu amekuwa mpole.

Orodha ya kazi na majina nitaibandika ukutani mkutano ujao, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi. Kazi yenye jina moja nitaizungushia wino mwekundu. Kila mmoja aje na fleshi yenye Debian 13, aliyoijaribu mwenyewe nyumbani. Walio mbali watume majina yao na ya wenzao kabla ya Ijumaa jioni. Meza ya wageni itakuwa karibu na mlango, na itakuwa na viti vitatu: cha mgeni na viwili vya wenyeji.

Mwalimu naye atakuwepo. Amekubali kulishika faili lile la diski pamoja nami. Mimi nasoma Kiingereza na kueleza mashine inafanya nini, yeye anasema Kiswahili chake, nami naandika. Lina sentensi 640, na hadi Jumapili iliyopita tulikuwa tumefika ya 212.

Wenu katika kazi,
Katibu